Waya Kwenye Kadi ya Kumi na Saba

Nilifukuzwa kiwanda cha maboksi siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, nikiwa nimebakiza rundo moja la maboksi ya viatu sijalikunja. Kosa langu lilikuwa karatasi yenye sahihi sitini na mbili. Tulikuwa tunaomba jambo moja tu: kinga ya mashine ya kukata ifunguliwe waya. Msimamizi wa zamu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Redio," akaniambia, "leo umezimwa."

Redio ndilo jina nililopewa pale, na mnaweza kukisia kwa nini. Watu walicheka. Nawakumbuka waliocheka, na nawakumbuka waliotazama chini. Hao wa pili walikuwa wengi zaidi, na karibu wote walikuwa kwenye zile sahihi.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe: ni vibao viwili vya chuma, kila kimoja kipana kama mlango wa kabati, vinavyofunguka na kujifunga kama kitabu. Unaweka kadibodi, unatoa mkono, vinajifunga, na visu vilivyopangwa ndani vinakata umbo la boksi. Kisha vinafunguka tena. Vinafanya hivyo mara kumi na tano kwa dakika, uwe umetoa mkono au hujatoa. Mbele ya mdomo huo kuna nondo nyembamba. Mkono ukiigusa, mashine inasimama papo hapo. Hiyo ndiyo kinga. Ubaya wa kinga ni kwamba haina ujanja. Hata mkunjo wa shati ukiipitia, inasimama, na kuiwasha upya ni nusu dakika. Nusu dakika mara ishirini kwa zamu, na msimamizi anaitwa ofisini kujieleza. Basi akaifunga kwa waya kwenye mhimili wa kushoto. Nondo iliyofungwa, hata uiegemee kwa kifua, haisogei.

Miezi mitano baada ya mimi kuondoka, mashine namba tatu ilimla mdogo wangu vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni nikiwa na miaka saba, wakati mimi mwenyewe nilikuwa bado wa kubebwa.

Alipotoka hospitali waya ulikuwa umeshakatwa, nondo imesuguliwa inang'aa, na hakuna binadamu aliyewahi kuuona. Watu sitini na wawili walipatwa na ugonjwa mmoja wa kusahau, siku moja. Karatasi yetu ilikwenda na shati la msimamizi. Na mimi, mtu wa kukumbuka kila kitu, sikubaki na nakala. Nalisema mwenyewe kabla hajanisemea mwingine.

Kamati ya uchunguzi ilipangwa kukaa baada ya miezi kumi, na ingeandika moja kati ya mambo mawili: kinga ilikuwa na kasoro, au mfanyakazi alikuwa mzembe. Ikiandika la kwanza, mashine zote tano zinafungwa mpaka zikaguliwe. Ikiandika la pili, zinaendelea kama zilivyo, na mdogo wangu anatembea na neno uzembe mpaka kaburini, kwa sababu hakuna kiwanda kinachokupokea bila kwanza kuuliza kule ulikotoka.

Hapo ndipo nilipokwenda kujifunza kubuni michezo ya ubao. Najua inavyosikika. Shangazi, aliyetulea na ambaye bado tunakaa kwake, aliisikia habari hiyo akiwa anashona kifungo. Akaweka sindano chini.

"Mwanamke wa miaka arobaini na mmoja," akasema. "Mdogo wake hana vidole, yeye anakwenda kuchora dadu."

"Vipeperushi nimeandika miaka tisa, Shangazi. Watu wanafungia sabuni."

"Sasa utawapa cha kufungia chenye rangi."

Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Kwenye kibanda cha kinyozi wa mtaani kwetu kulikuwa na ubao mmoja uliochanika katikati, umeungwa kwa gundi ya karatasi, na wanaume wazima walikuwa wakiukalia saa mbili nzima. Dadu ikisema rudi nyuma, wanarudi. Kadi ikisema kaa nje, wanakaa nje, tena wanaumia kwelikweli. Watu hawa hawa nilipowapa karatasi ya kurasa mbili kuhusu saa za kazi walisema macho yanawauma. Nikajiambia: kumbe njia ni hii. Mtu humwambii kwamba anaonewa. Unampa kete, unamwacha aonewe mwenyewe mezani, ainue macho aulize ni nani aliyeandika sheria hizi.

Mwalimu wangu aliitwa Kete, na kama mama yake alimpa jina lingine mimi sikulisikia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alipanga vyumba viwili juu ya duka la vioo, akibuni michezo ya shule: mchezo wa kuzidisha, mchezo wa mifupa ya mwili. Alikuwa na kikohozi cha gundi kisichoisha na kucha zilizokatwa mpaka kwenye nyama. Aliniita dada mkubwa, mimi nikamwita mwalimu, na kila mmoja alikuwa anamtania mwenzake kidogo.

Siku ya kwanza alisimama upande wa pili wa chumba, akanyoosha mkono wenye kadi. "Funga jicho moja. Unaona nini?"

"Mfupa."

"Wa wapi?"

"Pajani."

"Imekuchukua muda gani?"

"Sikuhesabu."

"Basi ni nzuri. Ungehesabu, ningeitupa."

Alinifundisha kwamba kisu cha kiwanda hakikati pale ulipochora, kinakata karibu na pale. Kwa hiyo rangi ivuke mpaka kwa milimita tatu kila upande, na maneno yakae mbali na ukingo. Hilo nililijua kabla yake. Nilikuwa upande wa pili wa kisu hicho miaka kumi na miwili, nikikunja makosa ya watu waliochora mpaka ukingoni. Alinifundisha kutotegemea rangi peke yake, kwa sababu wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kila rangi iende na umbo lake. Maneno ya kadi yasizidi saba. Kompyuta ilinisumbua wiki tatu. Mkono wangu uliozoea kukunja ulikuwa unaminya kile kipanya kama unataka kukiua, na Kete ananiambia, "Dada mkubwa, hakijakukosea kitu."

Kilichonitesa zaidi kilikuwa majaribio. Mchezo ukiwa bado wa karatasi na kalamu, unawapa watu wasioujua, unakaa pembeni, na huruhusiwi kusema neno. Wakikosea unaandika. Wakigombana unaandika. "Usiwaeleze," Kete alisema. "Boksi likifika nyumbani kwa mtu, wewe hutakuwemo ndani yake." Mara ya kwanza nilivumilia dakika nne. Mara ya pili alinipa penseli niing'ate, na kinyozi akasema hajawahi kuona redio iliyofungwa kwa mti.

Mwezi wa sita wa kujifunza kwangu, Kete alipata kazi kubwa. Ofisi fulani ya mafunzo ilitaka mchezo wa usalama kazini kwa ajili ya kiwanda, boksi mia tatu, wafanyakazi waucheze wakati wa mapumziko. Nilipoona jina la kiwanda kwenye karatasi, nilikaa.

"Ndicho?" Kete aliuliza.

"Ndicho."

"Basi hii niache nifanye peke yangu."

"Hapana. Nipe kadi. Kuna moja nataka kuichora mwenyewe."

Akanisogezea kadi tupu. "Usije ukaniharibia kazi kwa hasira zako."

Mchezo ulikuwa mwepesi. Wachezaji wanatembea kutoka lango la kuingia mpaka lango la kutoka, na njiani wanachukua kadi. Kampuni yenye kiwanda ilikuwa imeleta orodha ya kadi thelathini. Umesahau glavu. Umekimbia kwenye sakafu yenye maji. Umechelewa kutoa taarifa. Niliisoma mara mbili nikitafuta sentensi moja tu ambayo ndani yake msimamizi ndiye aliyefanya kitu. Haikuwepo. Kadi ya kumi na saba ilisema: mkono ndani ya mashine ya kukata, kaa nje zamu mbili. Picha waliiacha kwetu.

Nilimwambia mdogo wangu mpango wangu, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Utauweka waya? Kwenye mchezo wao wenyewe?"

"Kwenye boksi mia tatu."

"Redio, wewe watakuzika ukiwa unaongea."

Alinipa mkono wake wa kushoto, ule mzima, niuchore kana kwamba ni wa kulia. Akaulaza mezani kwa Shangazi, vidole vikiwa vimeachana kidogo, kama mtu anayesukuma kadibodi iliyokwama, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa: kadibodi ilikwama, msimamizi alikuwa nyuma yake akimwambia asizime. Alikaa hivyo saa nzima. Nikachora mashine, nikachora nondo, nikachora waya. Nikamchora msimamizi na saa ukutani na rundo la maboksi lililokuwa likisubiri. Mdogo wangu akaisogeza karatasi dirishani.

"Waya ulikuwa chini zaidi," akasema. "Usawa wa goti. Hapo juu angeuona hata mkaguzi."

Nikaushusha.

Tulijaribu kwa kinyozi. Wateja wawili, kinyozi mwenyewe, na Shangazi, aliyesema amekuja tu kuangalia ninavyopoteza umri wangu. Kadi ya kumi na saba ilimwangukia mteja mwenye sabuni nusu ya kidevu. Akaigeuza huku na huku.

"Hii ni nini? Sherehe?"

"Ni watu wanahamisha kabati," akasema kinyozi.

"Huyu wa nyuma anamsaidia mwenzake," akasema Shangazi. "Ana moyo mzuri."

Niliing'ata penseli mpaka ikavunjika.

"Toa saa," Kete aliniambia siku iliyofuata. Nikatoa. Tukajaribu tena, bado wanaona kabati. "Toa maboksi." Nikatoa. "Toa huyu mtu wa nyuma. Kila anayeiona anadhani ni rafiki."

"Huyo ndiye aliyefanya."

"Kwako. Kwenye kadi ni mwanamume amesimama. Huwezi kuchora mtu akisema usizime."

Nilibishana naye alasiri nzima. Nikamwambia yeye ni wa mifupa na kuzidisha, hajui mtu anavyoweza kuuawa kwa kusimamiwa tu. Akakohoa, akanisubiri nimalize, akasema, "Jaribu bila yeye. Kama ni mbaya, tunamrudisha."

Haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Nikabaki na mashine, nondo, waya na mkono. Lakini kadi ni ndogo kama kiganja, na kwenye kipimo hicho waya ulikuwa kama unywele ulioanguka kwenye karatasi. Kinyozi alijaribu kuupangusa kwa kidole. Nikaunenepesha, ukawa nyoka. Nikaupaka nyekundu, mteja mmoja akasema ni damu, na kwa nini damu iko usawa wa goti?

Hakuna aliyeniambia niutoe. Nataka hili lieleweke. Kampuni haikuwa imeona chochote, na Kete siku hiyo alikuwa amekwenda kununua kadibodi. Nilikuwa peke yangu juu ya duka la vioo, mchana kweupe. Niliutoa waya kuona tu itakuwaje. Kisha nondo ikawa haina kazi, nayo nikaitoa. Kisha mashine ikawa na vitasa na vifungo visivyosaidia, nikavitoa, nikabaki na vibao viwili vyeusi vinavyokaribia kufunga, na kati yake mkono mweupe, vidole vimeachana.

Nikaisimamisha dirishani, nikarudi mpaka mlangoni, nikafunga jicho moja.

Ilinifikia kabla sijafikiri. Na nilifurahi. Miaka tisa ya kuandika, na sijawahi kutengeneza kitu kinachomfikia mtu kabla hajajua kama anataka kufikiwa. Kete aliporudi alisimama nayo mkononi bila kuvua kiatu. "Dada mkubwa," akasema, "hii sikukufundisha mimi." Kwa kinyozi, mteja alipoichukua alivuta mkono wake mwenyewe chini ya meza. Shangazi hakutania. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara kama mwenye barabara.

Kwa mdogo wangu sikuipeleka. Alipouliza imefika wapi, nilimwambia iko kwa mchapishaji. Ilikuwa bado iko kwenye mkoba wangu.

Kampuni iliipitisha bila neno. Walitia sahihi nakala ya kwanza, kadi zote thelathini, boksi mia tatu zikachapwa.

Kamati ilikaa wiki saba baadaye, kwenye chumba chenye meza ndefu, viti vya plastiki na feni moja iliyoelekezwa kwa wakubwa. Watu watatu walikaa mbele: mwenyekiti, aliyekuwa mwanamke mwenye miwani ya kusomea; mkaguzi; na mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye sahihi yake ilikuwa ya kumi na nne kwenye karatasi yangu na ambaye siku nzima hakugeuza shingo upande niliokaa. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mpole, anayesema samahani kabla ya kila swali.

Mdogo wangu alieleza vizuri. Kadibodi ilikwama. Msimamizi alisema usizime. Nondo ilikuwa imefungwa waya. Mwenyekiti alikuwa anaandika, na kuna mahali aliacha kuandika akamtazama mkono, nikaona anamwamini. Naapa nililiona hilo usoni mwake.

Wakili akasimama. Akatoa kadi kwenye bahasha, akaiweka mezani.

"Samahani. Unaifahamu hii?"

Mdogo wangu akainama. Hakuwa amewahi kuiona. Nilimwona anavyoisoma, kwanza kama kadi, halafu kama kitu kingine.

"Mkono wa nani huu?"

Angeweza kusema sijui. Yeye si mtu wa namna hiyo. "Wangu," akasema.

"Nani aliuchora?"

"Dada yangu."

"Dada yako aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda hiki? Anaijua mashine?"

"Anaijua kuliko mimi."

"Samahani, nisaidie. Unaona mtu mwingine yeyote kwenye picha?"

"Hapana."

"Unaona nondo iliyofungwa?"

"Hapana."

"Unaona waya?"

Mdogo wangu aligeuka akanitafuta kwenye viti, na mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nasema kwamba waya ulikuwepo, niliuchora, nina rasimu, ninayo hapa. Mwenyekiti akaniambia niketi, mimi si shahidi. Wakili akainua mkono kwa adabu.

"Mwenyekiti, upande wetu hatuna pingamizi. Aongee."

Hapo ningetakiwa kushtuka. Mtu mzima kama mimi, niliyeona wakili mmoja na wawili, nilipaswa kujua kwamba mlango ukifunguliwa kirahisi hivyo, ndani hakuna heri. Nikaenda mbele nikafungua rasimu zangu mezani. Zilikuwa zote, kuanzia ile ya kabati.

Akazitazama moja moja, bila haraka, kama mtu aliyeonyeshwa picha za harusi.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Kwa hiyo kwanza uliweka waya, kisha ukautoa."

"Ndiyo. Kadi ni ndogo. Ule waya haukuwa..."

"Samahani. Kampuni ilikuomba uutoe?"

"Hapana."

"Ilijua kwamba ulikuwepo?"

"Hapana."

"Aliyekufundisha alikuamuru?"

Nikamfikiria Kete na kikohozi chake. "Hapana."

"Uliutoa mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na msimamizi wa nyuma? Naye ulimtoa mwenyewe?"

Nilieleza. Nilieleza habari za kadi kuonekana kutoka upande wa pili wa chumba, za jicho moja, za maneno saba, za milimita. Mkaguzi alianza kutazama saa yake. Nilijisikia ninavyosikika. Mtu amepoteza vidole vitatu, dada yake anazungumzia unene wa mstari. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu hakuwa anaandika tena.

Barua ilifika siku ya nane. Uzembe wa mfanyakazi. Chini yake waliandika kwamba asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini, akiwa na ushahidi mpya.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kitandani kwake. Akaniomba kadi. "Pale waliniwekea kwa haraka," akasema. "Sikuiona vizuri."

Nikampa. Akaishika kwa gumba na kidole cha mwisho, ndivyo anavyoshika vitu sasa.

"Umeweka mpaka kovu langu la panga."

"Ndiyo."

"Uliipenda?"

Nilitaka kumwambia habari za boksi mia tatu na mpango na waya. "Niliipenda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia. "Ungenionyesha tu, dada."

Basi. Hakugomba. Tangu siku hiyo ananiita dada kama anavyomwita karani wa ofisi. Shangazi, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, hajanitania hata mara moja tangu barua ile, na nyumba isiyo na utani wa Shangazi ni nyumba yenye maiti.

Nilikwenda kwa Kete nikitafuta wa kugombana naye. Nikamwambia kwamba ufundi wake ni wa kuwafutia wakubwa nyayo zao. Nikamwambia mengi, maana hayo nayaweza. Alikuwa anakata kadi za mchezo wa mifupa, na hakuacha kukata.

"Wamepiga simu," akasema nilipochoka. "Wanataka mwingine, wa ghala. Wamesema aliyechora kumi na saba ndiye achore zote."

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia amesafiri." Akakohoa. "Ningekuwa na akili ningekufundisha kuzidisha tu, dada mkubwa."

Zilibaki siku kumi na moja za rufaa. Nilianza kusimama mbele ya lango la kiwanda saa saba mchana, wakati wa mapumziko, nikitafuta mtu mmoja kati ya sitini na wawili. Walinipita kama mtu anavyopita nguzo. Mmoja aliniambia, "Redio, tuna watoto," na nikamwambia hata mashine inajua hivyo. Haikusaidia kitu. Mlinzi wa lango alinizoea akawa ananiletea kiti.

Siku ya nne alitoka kijana nisiyemjua, mrefu, shati la kazi bado lina mkunjo wa dukani. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndiye uliyechora ile kadi? Wamenionyesha ni wewe."

"Ni mimi."

"Kumi na saba. Aisee. Kila mtu anaiogopa kuipata." Alikuwa anatabasamu kwa heshima ya kweli. "Mimi niko kwenye mashine hiyo hiyo, namba tatu. Wiki ya pili sasa. Kila asubuhi kabla sijaiwasha naikumbuka ile kadi. Najiambia: angalia mkono wako. Umenisaidia sana, dada."

Nikamuuliza, taratibu, kama aliwahi kuangalia upande wa kushoto wa mashine, usawa wa goti.

"Waya?" akasema. "Ule naufunga mwenyewe. Ulikuwa unalegea legea, nondo inacheza, mashine inazima kila saa. Msimamizi alinionyesha, lakini yeye anafunga vibaya. Wangu haulegei."

"Unaufungaje?"

Akatafuta kitu cha kuonyeshea. Karatasi zangu za kuchorea nilikuwa nimezizungushia kamba. Akaiomba, akapiga magoti mbele ya lango, akaipitisha kwenye nondo mbili za lango lile. Mikono yake ilikuwa myepesi, ya mtu aliyelelewa na kazi. Mizunguko miwili, msalaba, kisha anavuta kwa uzito wa mwili wote. "Hivi," akasema. "Hata ng'ombe hatoki."

Nikamwambia kuna kamati. Nikamwambia habari za mdogo wangu, kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kutumia maishani mwangu. Aje tu aseme hicho alichonionyesha. Siku saba zimebaki.

Alisikiliza akiwa bado amepiga magoti. Tabasamu liliondoka polepole, na alipoinuka alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye dirisha la ofisi ya juu.

"Mimi nina wiki mbili tu hapa, dada," akasema.

"Najua."

"Na mimi mkono wangu nauangalia. Si kama..." Akaacha.

King'ora kikalia. Alikung'uta vumbi la magoti, akasema samahani, akaingia ndani na wengine. Mlinzi akavuta lango, kamba yangu ikiwa bado imefungwa hapo. Nilijaribu kuifungua kwa kucha, halafu kwa meno, mlinzi akitazama. Fundo lilikuwa limekaza kweli. Mwisho nikatoa kisu cha kadi, nikaikata pembeni, nikaliweka fundo kwenye mfuko wa gauni, nikakaa kwenye kile kiti kusubiri zamu itoke jioni.